Kichwa cha Chewa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeiweka riziki ndani ya maji na akatupa mikono ya kuitafuta, na aliyenibakishia umri wa kuwakumbuka walionitangulia.

Juma lililopita nilikwenda Mtongwe kwenye hitima ya jamaa yetu. Tulipomaliza dua niliwaambia wajukuu waningoje, nikateremka polepole hadi horini, pale maji ya bahari yaingiapo katikati ya mikoko. Ukingo tuliokuwa tukiukalia haupo. Kimemwagwa kifusi, juu yake umejengwa ukuta, na maji yaliyobaki chini yana rangi ya chai iliyolala. Nilisimama hapo mpaka magoti yakanilalamikia.

Ndugu yangu msomaji, laiti ungaliiona hori ile msimu wa kaskazi! Jua lilikuwa kali, lakini maji yalitulia na kung'aa hata ukahesabu kokoto. Chewa walipenda kuingia kwenye maji haba, wakajificha katika mapango ya mawe chini ya ukingo. Bibi yangu aliyajua mapango hayo kama ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Tulitanda leso kuukuu kupata kamba wadogo wa chambo, kisha tukachutama juu ya ukingo na mishipi yetu, jua likiwa mbele yetu.

"Kivuli chako!" alikuwa akininong'oneza nikijisahau. "Wataka kumpigia hodi?"

Mwaka ninaouzungumzia, alihamia chumba cha nyumba ya pili mama mmoja kutoka bara. Mumewe alifanya kazi kiwandani Changamwe, akiondoka alfajiri kuwahi feri na kurudi usiku. Mama yule alikuwa Mkristo, mpole, na kila akimwona bibi alipiga goti kidogo na kusema shikamoo. Akajifungua mtoto wa kiume katika joto lile, bila mama wala dada wa kumshika mkono. Maziwa hayakutoka. Kitoto kililia hata sauti ikakauka, nasi tukikisikia ukutani.

Bibi hakuweza kuvumilia. "Leo sitaki changu wala tafi," akasema. "Nataka chewa wa supu."

Mama wa vitumbua, aliyekuwa akipita na sinia lake, akacheka. "Watu wa bara wajua kula chewa?"

"Kwani njaa ya uzazi ina kabila?"

Asubuhi hiyo mshipi uliovutwa ulikuwa wangu. Chewa akishika chambo hukimbilia pangoni, akatanua mapezi yake, na hapo ukimvuta kwa nguvu uzi unakatika. Bibi alinikamata kiwiko.

"Legeza! Legeza, mjukuu wangu, usimtie hasira."

"Bibi, ameshakwenda!"

"Hajakwenda popote. Yuko chumbani mwake. Nawe kaa kimya kama mgeni."

Tulingoja, jasho likitutiririka, hadi uzi ukaanza kutembea wenyewe. Akatoka mnene kama paja langu, ana madoa ya kahawia, kinywa wazi. "Bismillahi," bibi akasema, "tazama domo hilo, kama la shemeji yangu!"

Kwetu, kichwa cha chewa si cha kila mtu. Nyama ya mashavuni, midomo laini, utamu ulio nyuma ya macho, vyote alikuwa akiwekewa babu, na baada yake mgeni wa heshima. Mimi niliyemvua nilikitamani, lakini bibi alikichemsha kizima kwa tangawizi, pilipili manga na ndimu, akakitia bakulini, akakifunika kawa na kunituma kwa mzazi. Mwili wa samaki ukabaki kwetu, ukaingia kwenye kikaango, na harufu yake ikajaa mtaa mzima.

Mama wa bara alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akafunua kawa, akaifunika tena.

"Bibi amesema ule chote," nikamwambia, "mpaka macho."

"Asante. Mwambie asante," akasema, bila kunitazama.

Jioni mumewe alilileta bakuli. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Hutiwa sukari, au ndizi, au chochote. Hili lilirudi na kichwa kile kile, mafuta yameganda juu, hakijaguswa. Bibi alikitazama kwa muda mrefu. Hakuwahi kurudishiwa chakula maishani mwake. Tangu siku hiyo aliitikia marahaba na hakuongeza neno. Jirani naye akawa hafungui dirisha la upande wetu. Kabla kaskazi haijaisha wakahamia Changamwe, karibu na kazi.

Ndipo mama wa vitumbua aliposimama mlangoni petu. "Yule mama alilia, ati. Aliniambia, 'Wao wamekula nyama, mimi wakaniletea mifupa na macho. Kwani mimi ni paka wao?'"

Bibi akaketi chini. "Paka? Kichwa nilichomnyima hata mjukuu wangu!" Kisha, taratibu: "Na mtoto, alipata maziwa?"

Mama wa vitumbua hakujua.

Bibi hakutulia hadi alipovua chewa mwingine. Akampika mzima, akaifunga sufuria kwa leso, tukavuka feri mpaka Changamwe. Tulizunguka katika vumbi la malori, mlango hadi mlango wa nyumba za wafanyakazi, tukiuliza: mama wa bara, mpole, ana kitoto cha kiume. Kila mlango ulikuwa na mama wa bara mwenye kitoto. Adhuhuri ikatupita, alasiri ikaingia, supu ikachacha. Ndani ya feri tukirudi, bibi aliishika sufuria mapajani, akasema tu, "Laiti ningalimuuliza siku ile ile."

Bibi alifariki bila kumwona tena. Mapango yamezibwa, na hata mabakuli hayapiti tena baina ya milango kama zamani. Kitoto kile, kama yu hai, sasa ni mzee mwenye mvi, na huenda aliambiwa kwamba watu wa Mtongwe walimdharau mama yake. Namwomba Mola amfikishie ukweli kwa njia aijuayo Yeye. Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akubariki kwa jirani mwema, na akupe ulimi mwepesi wa kumuuliza angali mlango wa pili. Amin.