Tabaka Mbili za Ngozi ya Mbuzi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye mashamba makubwa ya upande wa Kachibora, saa yetu ilikuwa bunduki ya Baba. Kunguru walishuka kwenye mahindi machanga kabla umande haujakauka, naye akawafyatulia risasi. Mlio wa kwanza ndio uliotutoa kitandani. Wa pili ulitukuta tukipuliza uji wa wimbi kwenye mabakuli ya bati. Wa tatu ulitukuta njiani kwenda shule, miguu mitupu, matope mekundu yakichomoza katikati ya vidole. Watoto wa leo ukiwaambia tulitembea maili tatu kwenda shule, wanakuuliza kwa nini hamkuita bodaboda.

Baba alikuwa mlinzi wa mahindi ya mbegu. Alifukuza kunguru, tumbili na nyani kwa bunduki ya marisau ya mwenye shamba, ile inayomwaga vyuma vidogo kama mtama. Mwenye shamba alikuwa na mashavu manene, na bunduki ilichongwa kwa uso kama wake. Baba alikuwa na uso mwembamba, mrefu, kama sote wa nyumba yake. Akilaza shavu kwenye kitako, jicho lake lilikaa chini mno. Basi akashona mto wa ngozi laini ya mbuzi, akaufunga kwa kamba juu ya mgongo wa kitako, pale shavu linapolala. Aliupima kwa siku nyingi. Aliweka tabaka moja, akapiga gunia lililopakwa chokaa, akaenda kutazama marisau yameingia wapi. Akaongeza ya pili, kisha ya tatu. Tabaka zilipofika nne, alirudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani.

Alikuwa na desturi moja tuliyoipenda sana. Kabla ya kuingia shambani alisimama, akafumba macho, akainua bunduki hadi begani, akalaza shavu, kisha akafumbua. Kama kile kishanga cha shaba kwenye ncha ya mtutu kilikaa pale alipotaka, aliitikia kwa kichwa na kwenda zake. Sisi tulimwiga kwa mabua. Ungetuona watoto kumi tumepanga mstari, tumefumba macho, kila mmoja na bua lake begani, na mbuzi wanatushangaa.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa manati. Panda tulikata kwenye mpera, mpira tulitoa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, lakini kipande cha ngozi cha kushikia jiwe kilikuwa shida. Aliyekuwa nacho alitembea kama chifu. Mimi nilitumia kitambaa, na jiwe liliniangukia miguuni.

Jumamosi moja Baba alileta ule mto nyumbani kuupaka mafuta, kama kawaida yake, akauacha juu ya meza akaenda mazoezi ya kwaya. Nilikuwa darasa la sita. Nilikata uzi upande mmoja nikachomoa tabaka mbili za katikati, moja ya manati na nyingine ya akiba. Niliona bado mbili zimebaki, na kwa nje mto ulikuwa uleule. Kisha nikampelekea dada yangu Nekesa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwa kidato cha pili, msichana wa kwanza wa kambi yetu ya wafanyakazi kufika huko, na kwa sindano hakuwa na mwenzake.

"Uzi umekatika wenyewe," nilimwambia.

"Wenyewe? Uzi una miguu?" Lakini alichukua sindano ya gunia akashona vizuri, hata Baba hakuona alama.

Wiki ile Baba alianza kukosa. Alirudi jioni shavu limevimba, kwa sababu bila kujua alikuwa akiliinua kutafuta kishanga, na bunduki ilipomrudi ikamgonga. Mama alimkanda kwa kitambaa cha maji moto, nasi tukacheka pembeni kwamba Baba ameficha andazi mdomoni. Mungu anisamehe kicheko kile.

"Kile kishanga kinazama," alisema siku moja tukila ugali na mrenda. "Nikifumbua, sikioni. Macho yameanza kuniacha."

"Macho gani?" Mama akamwambia. "Yale yanayoona kila ninapoficha nyama?"

Sote tulicheka. Kinazama, alisema. Alitueleza ugonjwa wote mezani, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, manati mfukoni.

Risasi zikaisha, nyani wakabaki. Mwenye shamba alisimamisha debe juu ya kigingi, akawaita wafanyakazi wote watazame. Baba alipiga mara tatu. Kila mara niliona majani yakiruka chini ya debe, debe likabaki linang'aa. Mwenye shamba hakumfokea. Ni Baba mwenyewe aliyefungua bunduki, akatoa maganda, akaikabidhi kwa mikono miwili. "Bwana, mtu asiyeona asishike bunduki," alisema. Nilimwonea fahari siku ile. Nilidhani hivyo ndivyo mwanamume mwaminifu anavyofanya.

Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa imekwisha. Tulihamia Bungoma, kwenye kipande cha ardhi cha babu karibu na Kamukuywa. Nekesa alirudishwa kutoka shule kwa kukosa karo, na sanduku lake la bati, nguo za shule zimekunjwa ndani, akasubiri muhula ujao. Muhula ule haukuja. Mimi zamu yangu ilipofika, vitunguu vya Baba vilikuwa vimeanza kupata wateja soko la Chwele, nikasoma hadi kidato cha nne. Nekesa aliolewa, akalima, akauza mboga, akasomesha watoto wake wote.

Hayo ndiyo maisha niliyoyajua hadi mwezi uliopita.

Nina shamba dogo siku hizi nje ya Kitale, na jirani yangu Simiyu, kijana wa miaka thelathini, ana kibali cha bunduki ya marisau kwa ajili ya nyani. Nilimpitia kunywa chai. Alikuwa amekaa kwenye baraza, bunduki mapajani, simu imeegemezwa kwenye kikombe ikimfundisha. Vijana hawa hata kumenya viazi wanauliza simu. Nikamtania.

"Kuka, usinicheke," akasema, maana huniita babu yake. "Jana nimekosa nyani mkubwa kama huo mlango. Lakini si mimi, ni hii kitu." Aliingiza kijifunguo pembeni mwa kitako, akazungusha, na mgongo wa kitako ukapanda kidogo kama kifuniko cha sufuria. "Ilikuwa chini. Ikiwa chini, jicho linakuwa chini, ile shanga ya mbele inapotea, na risasi zinaenda chini. Ni kaunene ka biskuti tu, lakini unakosa kabisa."

Chai ilinimwagikia pajani na sikuisikia. "Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Aliniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nayaona majani yakiruka chini ya debe. Kisha nikamwona Baba akiwa na miaka zaidi ya themanini, kwenye kiti chake Kamukuywa, akisoma Biblia ya maandishi madogo bila miwani. Kanisa zima lilisimama siku moja kumshukuru Mungu kwamba amemrudishia mzee macho. Hata mimi nilisimama. Macho hayakuwa yamekwenda popote!

Kwa wiki mbili sikulala vizuri. Baba na Mama wako kaburini, kwa hiyo aliyebaki wa kuambiwa ni Nekesa, na yeye ndiye niliyemwogopa. Mkono ulioshona mto ule ulikuwa wake. Nikinyamaza, ningekufa na deni. Nikisema, ningempa mwanamke wa miaka sabini na kitu jambo la kumkosesha usingizi. Mwishowe niliona kwamba nimemdanganya mara moja, na kunyamaza kungekuwa mara ya pili.

Nilimkuta uani kwake akichambua maharagwe. Nilimweleza yote, kuanzia kisu hadi kijifunguo cha Simiyu. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Mimi ndiye nilishona," akasema.

"Ulishona nilichokudanganya. Kosa ni langu, Nekesa."

Kuku akaja akadonoa maharagwe, Nekesa hakumfukuza. Kisha akainua vidole viwili, akavisogeza hadi karibu kugusana. "Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Nilitaka kuwa mwalimu, Wafula." Sauti yake haikupanda. "Na ndege uliwapiga wangapi na hiyo manati?"

"Hata mmoja."

Alinitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza. Alicheka kidogo, kicheko kikavu, machozi yakamtoka kicheko kikiwa bado mdomoni. "Hata mmoja," akarudia. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba aseme. Tulichambua maharagwe pamoja hadi yakaisha, akanifungia nusu yake niende nayo.

Kila nikikaa na wazee wenzangu tunasema vijana wa leo hawajui kujilaumu. Akifeli mtihani, mwalimu ni mbaya. Akianguka na pikipiki, barabara ni mbaya. Akikosa nyani, bunduki ndiyo mbaya. Nami nimesema hayo mara nyingi na kucheka kwa sauti. Enzi zetu tulilelewa vingine. Mtu alikosa, akaamini ni yeye aliyepungukiwa, akakabidhi kazi yake kwa mikono miwili na kuondoka kwa adabu. Tuliiita heshima, na bado naiheshimu. Lakini tangu mwezi uliopita nimekuwa nikitamani Baba angekuwa mbishi kama vijana hawa, kwa asubuhi moja tu.