Mjerumani na Mjapani

Majuzi, kwenye harusi moja pale Kanyenye, niliwaona wapiga picha wawili wakitukanana kwa sababu ya kamera zao, kila mmoja akiisifu ya kwake, huku bibi harusi akisubiri juani. Niliondoka bila kula pilau.

Nilikumbuka mchana ule, nikiwa mtoto, tulipohamishwa kutoka kwetu, kule Goweko, kupelekwa kijiji kipya kwa amri ya serikali. Paa la nyumba ya bibi yangu lilikuwa limekwisha kuangushwa, na hewa ilinuka vumbi na nyasi kuukuu. Bibi alikaa kwenye kigoda chake akilia bila sauti. Ndipo waliposhuka garini mabwana wawili wa picha, wakinukia mafuta ya nywele.

"Mjerumani wangu ataonyesha hata chozi," alisema mmoja, akiinua kamera yake.

"Mjapani wangu atalionyesha vizuri zaidi," mwenzake akajibu.

Nilidhani ndani ya vile visanduku wamo watu wadogo wanaotuchungulia, nikaona haya. Kamera zikalia kacha, kacha. Kisha yule wa Mjapani akainama.

"Shikamoo, bibi. Machozi yamekauka. Hebu lia tena kidogo, tuone kamera ipi bora."

Bibi alifuta uso kwa kanga, akawatazama, akatema mate karibu kabisa na viatu vyao. Wao walicheka. Mimi nilidhani ametema tumbaku, maana alizoea kuitafuna. Lakini tumbaku yake yote ilikuwa imefukiwa chini ya lile paa.