Neno "Majani" Lilivyong'oa Zulia la Musau

Asubuhi imeshika kwenye laini za vyumba vya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa hapa Ruiru, na chumba cha Musau Ndambuki kimejaa watu mpaka mlangoni. Wengine wamekuja kuomba moto wa jiko, wengine wamekuja kusikia habari. Mwenyewe amechuchumaa mbele ya karai la tope, mkononi ana kijiti cha mwanzi kilichopasuliwa ncha. Kwa ncha hiyo anabana unyasi mmoja mwembamba kama uzi, anauchomeka kwenye tope hilo, anachukua mwingine.

"Mkamba huyu," asema Warigia, yaani Mama Mumbi, dobi wa nyumba kubwa, akiwa ameegemea mlango. "Kwao Masii ng'ombe wanakonda kwa kukosa nyasi, yeye anawapandia samaki. Na samaki wenyewe hawazili."

Watu wanacheka. Musau naye anacheka kidogo, kisha uso unarudi ulivyokuwa.

"Cheka tu, Mama Mumbi. Mwezi ukiisha utakuja kucheka na kufuli."

Maana Musau amepewa notisi. Mwezi ukiisha anatakiwa aondoke, yeye, mkewe Mbithe na watoto, na chumba apewe mwingine. Kosa lake ni nini? Hapo ndipo mtu mwenye damu mwilini anashindwa kukaa kimya.

Alikuja Ruiru mwaka wa 1954, wakati watu wengi wa hapa walipozolewa na serikali kwa ajili ya Hali ya Hatari na mashamba yakabaki bila mikono. Aliandikwa kama shamba boi. Kukata ua, kumwagilia maua, basi. Halafu memsahib, yule bibi Mzungu wa nyumba kubwa, akaleta kutoka Nairobi tangi la kioo la kufugia samaki wadogo wa rangi, akaliweka barazani. Alikuwa ameona picha katika gazeti la kwao: tangi ambalo chini yake kumeota nyasi fupi, kijani kote, kama zulia limetandikwa ndani ya maji. Akamwita Musau, akamwonyesha picha kwa kidole. "Mimi nataka hii."

Musau akateremka mtoni, pale ng'ombe wanaponyweshwa, akapata nyasi fupi ambazo hata maji yakizifunika hazifi. Akazipanda. Kulipokucha zote zilikuwa zinaelea juu. Akapanda tena, zikaelea tena. Jikoni wakamtania kwamba anafuga nyasi, samaki ni wageni tu.

"Nikajiambia, hata mahindi huwezi kuyapanda katikati ya mafuriko," anasema Musau. "Nikamwaga maji yote. Nikaweka udongo, juu yake mchanga uliooshwa, nikalowesha tu, nikafunika kwa kioo. Nyasi kwanza zishike ardhi. Zilipoanza kutambaa zenyewe chini kwa chini, nikatia maji polepole juu ya kisahani, yasichimbe."

Mwaka haukuisha kabla zulia halijakamilika. Musau alilipunguza kwa mkasi wa Mbithe wa kushonea, na samaki wakapita juu yake kama ndege juu ya uwanja. Wazungu wakawa wanakuja Jumapili kutoka Thika kunywa chai na kutazama. "Zulia langu," memsahib alikuwa akiwaambia.

"Hilo 'langu' halikuniuma," asema Musau. "Tangi ni lake. Mimi shida yangu ni chumba."

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika.

Kando ya baraza pana mti wa mukima. Upepo ulivuma siku mbili, majani yake makavu yakaanguka ndani ya tangi. Musau siku hiyo hakuwapo. Memsahib mwenyewe alikuwa amemtuma Thika kuchukua mafuta ya taa na chakula cha samaki. Kabla ya kuingia motokaa kwenda kuwapokea wageni, memsahib akamwita boi mpya wa nyumba, Dalmas, kijana wa upande wa Kisumu aliyekuwa hata hajazoea milango. Akamwambia, "Dalmas, toa majani yote kwa maji. Mimi nataka safi kabisa."

Dalmas akatazama. Juu palikuwa na majani machache ya mti. Chini kote, pembe hadi pembe, majani. Kwa Kiswahili chetu cha bara, kinachoota juu ya mti ni majani, kinacholiwa na ng'ombe ni majani, na cha kutia kwenye chai pia ni majani. Akakunja mikono ya shati.

"Yalikuwa yameshikana kama mkeka," asimulia Dalmas, ambaye sasa ameketi juu ya kitanda cha Musau, kwa kuwa wawili hawa hawajagombana hata kidogo. "Nikafikiri, huyu mama ameacha uchafu ukazeeka."

"Shukuru hakufungua kabati la chai," Warigia anadakia.

Memsahib alirudi na wageni wake, akakuta maji kama chai ya maziwa na samaki wanatweta juu. Hakuuliza. Alisema, "Mmefanya makusudi, wewe na Musau." Makusudi! Katika siku hizi neno hilo likifika kituo cha polisi, mtu halali kwake.

Musau aliporudi alikwenda mlango wa jikoni, kofia mkononi, kueleza. Memsahib akamjibu kwamba majani ni ya mti, na zile zilikuwa nyasi, kila mtu anajua.

"Nikamwambia, memsahib, juzi uliniambia nikate majani mbele ya nyumba. Nilikata nini? Si nyasi?"

"Akasema nini?" mtu anauliza kutoka nyuma.

"Alifunga mlango."

Kiswahili memsahib amejifunza nusu, lakini adhabu ametoa nzima. Na katika nyumba ile yote hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo isipokuwa huyu mkata ua, ambaye ndiye mwenye watoto wa kuhamisha.

Musau alikwenda nyuma ya jikoni, akachambua takataka kabla jua halijazikausha, akaokoa mafungu aliyoweza. Ndiyo haya yaliyomo kwenye karai.

Jana ujumbe wa memsahib ulikuja kwa mdomo wa Warigia. Wageni wa Krismasi wako njiani. Musau akilipanda zulia upya, notisi itafutwa. Lakini Dalmas aende, kwa sababu lazima kosa liwe la mtu.

Mbithe, aliyekuwa akikoroga uji, anaacha kukoroga.

"Nimjibu nini?" anauliza Warigia.

Musau anachomeka unyasi aliokuwa ameubana, analibonyeza tope kwa kidole.

"Mwambie zinashika. Na siku zikishika zote, nitazipeleka barazani nikimkuta Dalmas bado yuko kazini, na memsahib ameshasema mbele ya watu wa jikoni kwamba neno 'majani' lilikuwa lake. Akikataa, kuna Mhindi wa duka la vitambaa Thika, anataka tangi dirishani, na chumba anacho nyuma ya duka. Karai litakwenda huko."

"Thika na karai la tope?" asema Dalmas. "Litabebwa na nani?"

"Mimi upande huu," asema Musau. "Wewe upande ule."