Kuku wa Mama Wanaliwa na Wanaokuja Kumpa Pole

Leo ni Jumatano, wiki ya pili tangu niondoke Tabora mjini kurudi kwenye kibarua cha tumbaku huku Usinge. Admin, jina langu libaki kwako tu. Nina miaka thelathini na nne, shule niliishia darasa la tano, kwetu ni Igunga. Mnisamehe nikiandika kwa hasira.

Mama yetu figo zilikufa. Kaka yangu mkubwa ni mtumishi wa serikali na bima yake ndiyo inamtibu mama, kwa hiyo alimchukua akae kwake Tabora, karibu na hospitali anakosafishwa damu. Mimi sina bima, nikasema mchango wangu utakuwa chakula. Nikipata gari la mtu ninayemjua natuma kuku wa kienyeji na trei ya mayai. Shemeji, mke wa kaka, akipokea ananipigia, "Mzigo umefika, mama anakusalimia." Nalala nimeridhika, najua mama anakula.

Mwezi uliopita kaka akapiga simu: mama ameanguka, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Nilipofika wodini sikumtambua. Mwanamke aliyekuwa anapiga jembe kuwashinda wanaume amebaki ngozi na mifupa. Nesi akatuuliza, "Huyu mama nyumbani anakula nini?"

"Uji mweupe na mlenda," shemeji akajibu. "Si mlisema nyama na mayai vinaua figo?"

"Dada, hiyo ilikuwa kabla hajaanza mashine ya kusafisha damu! Alipoanza tukawaambia mbadilishe. Mashine inaondoka na protini, anatakiwa ale mayai, samaki, kuku, kwa kiasi tulichowaelekeza. Siwezi kusema njaa peke yake ndiyo imemwangusha, presha nayo ipo. Lakini mgonjwa wa mashine akidhoofika hivi, hatari ya kiharusi inakuwa kubwa zaidi."

Nikamuuliza shemeji kuku ninaotuma wanakwenda wapi. Akachukua chupa ya uji akaenda kuiosha.

Jibu nililipata mama aliporuhusiwa. Ndugu walijaa sebuleni kumpa pole. Kwetu mgeni aliyetoka mbali hapewi mboga za majani, anachinjiwa. Shemeji akachinja kuku niliokuja nao kwa mkono wangu. Baba mdogo akawa anafyonza mfupa, mafuta yanamtiririka kidevuni, karibu kabisa na godoro la mama, anamwelekezea mama ule mfupa, anasema, "Shemeji yangu huyu ana baraka. Ukija kumwona hukosi paja!" Watu wakacheka. Huyo huyo, hata mikono hajanawa, akaanza kusema mama ametupiwa kitu, tutafute mtaalamu. Mama analishwa uji, unamtoka upande uliopooza. Nilitoka nje nikatapika. Nimeishi na walevi na wezi kwenye makambi ya tumbaku, lakini ulafi wa namna ile sijawahi kuuona.

Niliporudi ndani nikamwinamia mama nikamwambia nitamhamisha. Akasema kwa shida, "Waache wale, mwanangu. Wakiondoka na njaa watasema nyumba ya kaka yako ina uchoyo."

Nikamfuata kaka uani. Nikamwambia wageni wapewe maharage, kuku abaki wa mgonjwa.

"Unataka ukoo mzima uniite mchoyo kwa sababu ya kuku wako?"

"Si wangu, kaka. Ni wa mama."

"Basi mchukue! Ila bima ni yangu. Ukimtoa hapa na mimi namfuta. Tuone hiyo mashine utailipa kwa kuku."

Nilirudi huku kwa sababu tajiri mwenye shamba analipa msimu ukiisha, ukitoroka katikati umefanya bure. Lakini silali. Nikimwacha pale, mama atakwisha taratibu huku watu wanapangusa midomo. Nikimchukua na kaka akatimiza maneno yake, hatamaliza hata mwezi.

Wenye wagonjwa wa figo mpo humu, na wanaojua mambo ya bima mpo. Kaka anaweza kweli kumfuta mama? Nimtoe kwa nguvu? Au nihamie pale pale, nishike jiko na kumpikia mwenyewe, wageni wale maharage na ukoo unitukane unavyotaka? Semeni kweli, msinionee haya.

Tumbaku ya mwisho inatoka kwenye bani la kukaushia kesho kutwa. Jumapili natarajia kuingia kwa kaka, saa ya chakula cha mchana.