Shikamoo ya Darasani

Darasa letu la ushonaji pale chuoni Milanzi lilikusanya kila mtu: sisi tuliotoka sekondari juzijuzi, mstaafu wa serikali kutoka Mbeya, na bibi mmoja wa Mtowisa ambaye tulitumia naye cherehani moja. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akanikatisha.

“Humu sote wanafunzi. Sema mambo, kama wenzako.”

Nikazoea. Jumamosi nikamkuta sokoni na wajukuu zake. “Mambo!” nikamrushia.

Akanikazia macho. “Kwenu hawakukufunza adabu?”

Haya, nimekoma! Jumatatu nikaingia darasani, nikainamisha kichwa. “Shikamoo, bibi.”

Akaacha kutunga uzi kwenye sindano, akanitazama kwa huzuni.

“Mshikaji,” akauliza taratibu, “kwani tumegombana?”