Taya la Baba

Mume wangu huchora hadithi za picha za kutisha, za mji usio na mwanga ambako shujaa aitwaye Kivuli anawindana na hasimu wake, Masizi. Kutwa kaikalia meza ya jikoni, vidole vyeusi kwa wino, na vifuniko vya sufuria zangu navyo vina alama zake. Hayo nimeyavumilia miaka kumi na miwili. Ila taya la Masizi, kovu la kidevuni na jino la mbele lililopinda ni vya baba yangu mzazi, aliyemkatalia posa mara mbili kabla ya kukubali. Nikimuuliza, eti sura zimefanana tu. Mwongo mkubwa!

Baba wala hakununa. Hununua kila toleo na kuwaonyesha wateja pale anaposhonea nguo: "Huyu katili ni mimi. Mkwe ananiota mpaka leo."

Mwezi uliopita mchapishaji aliamuru Masizi afe. Mume wangu akaenda kumpa mzee taarifa, maana kumuua baba mkwe bila kumwambia ni utovu wa adabu. Baba akaweka mkasi chini.

"Kufa nitakufa, mwanangu. Lakini Kivuli asinivizie kwa nyuma. Aniangalie machoni. Wewe ulipokuja kuposa ulitazama viatu vyako tu."

Tangu juzi ukurasa wa kifo hicho mume wangu ameuchora mara tano. Nimezikagua karatasi zote. Masizi amesimama kifua mbele, na Kivuli, upanga mkononi, anatazama viatu vyake.