Moshi wa Jikoni kwa Mama

Mama yangu ukimuuliza hali, jibu ni moja tu: "Sijambo, mwanangu." Hata mtoa roho akimuuliza, angemjibu hivyo hivyo.

Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alishasema. Mimi niko Masuguru, Korogwe, nafundisha fizikia na kusomea shahada ya pili. Yeye yuko Handeni, kuhama hataki kusikia. Na nikimtembelea ni balaa. Akisikia tu pikipiki imesimama uani, anajifunga khanga, anaamka, anasonga bada ya muhogo mwenyewe, anacheka. Nikiondoka, anaanguka kitandani siku kadhaa. Kwenda kumwona kulimuumiza, na nilichokiona hakikuwa hali yake.

Na ndicho nilichokuwa nasomea, jamani! Chembe iliyo ndogo kuliko atomu huwezi kuipima moja kwa moja bila kuivuruga. Wajanja huleta chembe nyingine, wanaikutanisha nayo kidogo, halafu wanaipima hiyo ya pili. Jirani ndiye anayetoa habari.

Basi nami nikajifanya mjanja. Shangazi yangu anakaa ng'ambo ya uwanja, mkabala na jiko la mama. Kwetu mwanamke mwenye nguvu za kuinama hakubali mtu mwingine awashe moto kwenye mafiga yake. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpigia shangazi simu.

"Shikamoo, shangazi. Moshi kwa mama upo?"

"Marahaba. Upo, mwanangu."

Nakata simu, naingia darasani nimetulia.

Jumanne moja moshi ulikuwepo kama kawaida. Kipindi cha kwanza hakijaisha, shangazi akapiga yeye. "Njoo nyumbani," akasema, na sauti yake ikanitosha.

Nilikuta wanawake wamekaa chini kwenye majamvi. Nikamvuta shangazi pembeni, nikamfokea bila haya. "Si ulisema moshi upo?"

"Ulikuwepo. Nawasha mimi tangu mavuno. Mama yako alijua unauliza moshi. Akaniambia, wifi, niwashie, mtoto asome kwa amani."

Nilitaka kumpiga mtu. Nimpige nani? Kwenye vitabu vyangu chembe haijui kwamba inapimwa, wala haimwonei huruma anayeipima. Nilimkasirikia mama, maskini, naye amelala ndani kafunikwa shuka.

"Na leo?" nikauliza.

Shangazi akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Leo niliwasha, ukapiga, nikakujibu. Halafu ndipo nikampelekea uji. Nikamkuta wa baridi."